Likivunjika, Langu

Kitendawili. Sema tega, usione haya, tuko wenyewe kwa wenyewe. Likiwa zima, lake; likivunjika, langu. Usijibu sasa. Kaa nacho, tumfuate kwanza Mmanga, maana yeye ndiye aliyekitega, na siku hiyo alikuwa kalala chali kwenye tope, chini ya lori, katika mpando wa kutoka bandari ya Wesha.

Springi ilikuwa imekatika. Aliisikia kabla hajaiona: mlio mmoja mkavu, kama mfupa, kisha lori likaegemea upande mmoja kama mtu anayetega sikio kwenye umbea. Lilikuwa limebeba saruji, mifuko imepangwa mpaka turubali likashindwa kuteremka kando. Kule bandarini Mmanga aliwaambia wapakiaji, basi, inatosha. Wakampigia simu tajiri, Bwana Nasor. Tajiri akasema ongezeni. Wakaongeza.

Alikata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akaifunga springi pamoja na kabari ya mti, akakaza kwa mikono, kwa miguu, kwa meno. Hakuwa akiwaza springi. Aliwaza bati. Nyumbani kwake Vitongoji mkewe Mwatum alikuwa bado yumo kwenye arubaini, na kila mvua ikinyesha kichanga huhamishwa, mara kona hii, mara kona ile, kuyakimbia matone. Makuti yameoza. Mshahara wa mwezi huu ulikuwa ndio bati. Walishakubaliana, na Mwatum alishaanza kuliona juu ya kichwa chake akilala.

Akalikokota lori hivyo hivyo hadi Chake Chake, mlangoni kwa duka la Bwana Nasor.

Kibarazani alikaa Bi Radhiya, mama yake tajiri, anachambua karafuu juu ya jamvi, makonyo, vile vijiti vyake, upande, karafuu upande. Yeye na Mmanga walikuwa na mchezo wao wa vitendawili tangu zamani. Bibi akishindwa humpa mji, kama ilivyo ada. Keshampa Mkoani, keshampa Wete, keshampa Konde na Micheweni. "Kisiwa kizima changu, Bi Radhiya," Mmanga humwambia, "nilichokosa ni bati tu." Na bibi hucheka mpaka mtandio umwanguke.

Juma lililopita alimtegea hiki cha likiwa zima lake. Bibi hakucheka. Akasema, "Hiki sikupi mji. Hiki n'takijibu mwenyewe." Bado hajakijibu.

Bwana Nasor alitoka na simu sikioni. Aliikusanya kanzu isiguse tope, akachungulia chini ya lori.

"Umelifanya nini gari langu?"

"Springi imekatika, Bwana Nasor. Mzigo ulizidi."

"Mzigo haukati springi. Anayekata ni dereva."

"Niliwaambia inatosha. Wewe ukasema waongeze."

"Usukani niliushika mimi?" Akaizima simu. "Utakatwa mshahara, Mmanga. Na usininunie, si mara yako ya kwanza."

"Mwezi wote?"

"Na unaofuata. Springi zinatoka Dar es Salaam, haziangikwi mikarafuuni."

Wachukuzi waliokuwa wakingoja kupakua walitazamana. Mmanga alifuta tope usoni, akazidi kujipaka. Mwanzo kilivunjwa kioo cha pembeni na ng'ombe wa watu, gari limeegeshwa, yeye yuko msikitini, akakatwa. Tairi likapasuka kwa uzee, akakatwa. Masika yaliyopita upepo ukalichana turubali, akakatwa na kukatwa, mpaka hili jipya likanunuliwa.

"Nnaomba kuuliza, Bwana Nasor. Kitu nikishakilipa, huwa cha nani?"

"Hapa si skuli, Mmanga."

"Nnauliza tu."

"Huwa cha gari. Na gari langu. Haya, pakueni, mvua hiyo inakuja."

Ilikuwa kweli inakuja, nyeusi, upande wa Wesha. Mmanga akapanda juu ya lori. Akafungua kamba moja baada ya moja, akalikunja turubali taratibu, kama mtu anayekunja mkeka wageni wakishaondoka, akalitia begani, akashuka nalo.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwangu. Nshalilipa."

Tajiri alicheka peke yake. "Mabruki, mpokonye hilo turubali."

Mabruki ndiye mkubwa wa wachukuzi, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alijitazama viganja. "Mimi kazi yangu mifuko, Bwana. Tukivutana likachanika, atakatwa nani?"

"Basi pakua mifuko."

Matone yalishaanza. Mabruki aliweka mkono juu ya mfuko, akauondoa. "Karatasi imepata maji. Ukiunyanyua unapasuka. Ule mmoja wa juzi nilikatwa, nikawalisha watoto mihogo mitupu. Mimi sigusi." Akaenda kukaa chini ya upenu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakakaa safu, mikono magotini, kama watu wa matangani.

Hapo likapita gari la ng'ombe la jirani yake Mmanga, linarudi Vitongoji. Mmanga akalirusha turubali juu yake. "Mpe Mwatum. Mwambie alitandaze juu, upande wa kitanda. Mimi nna shughuli hapa kidogo."

"Yakhe, panda twende," jirani alimnong'oneza. "Mtu huyu ataita askari."

"Na aite. Sikuiba, sikimbii."

Mvua ikashuka. Bwana Nasor alipanda mwenyewe, na kanzu yake, akakumbatia mfuko mmoja. Ukampasukia kifuani. Uji wa kijivu ukamtiririka mpaka miguuni. Wachukuzi walimtazama tu. Hakutokea mtu wa kumkata.

Askari wawili walifika mvua ishapungua. Waliingia kwanza ndani na tajiri, mlango ukarudishwa. Walipotoka, mmoja alikuwa akijipangusa midomo.

"Umeiba turubali la mtu," alimwambia Mmanga.

"Nimelinunua."

"Risiti iko wapi?"

"Risiti ni mshahara wangu, Afande. Niuoneshe vipi, na sikuupata?"

"Unajua kujibu wewe. Na saruji yote hii iliyoharibika, nani atailipa?"

"Yeye," tajiri alisema, na uji ule unaanza kumkauka kifuani. "Nani mwingine?"

Mmanga aliitazama ile mifuko, imeshikana, imeanza kuwa kitu kimoja.

"Hewala," alisema. "Basi mtu asiiguse. Ikishakuwa jiwe ni langu, na jiwe langu litakaa hapa hapa mlangoni, kila mteja alizunguke akitaka kuingia. Mabruki, wewe shahidi."

"Nimesikia," alisema Mabruki, na hakunyanyuka.

Wakamtia pingu. Kuelekea kwenye gari lao kulikuwa hakuna njia ila kupita mbele ya kibaraza, na mbele ya kibaraza Mmanga akasimama, askari wakamvuta, naye hakwenda.

"Bi Radhiya."

"Labeka, Mmanga."

"Kile kitendawili changu bado. Mie ndo naondoka. Nipe mji, yaishe."

"Mama, ingia ndani," alisema Nasor. "Unalowa."

Bibi hakuingia. Kiganja chake kilikuwa kimejaa karafuu. Alikifungua juu ya jamvi, zikachanganyika tena na makonyo aliyoyatenga tangu asubuhi. Alimtazama Mmanga na zile pingu. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu zaidi. Chini ya upenu jibu kila mtu alikuwa nalo, na hakuna aliyewahi kulitoa mdomoni.

"Sikupi mji," alisema, sauti ikafika hata kwa wapita njia. "Ni gari la mwanangu."