Maneno Mia Sita ya Chepngeno

Fomu ilikuwa na swali moja tu lililomsumbua mdogo wangu. Mengine aliyajibu haraka: jina lake, Chepngeno, mwaka wa kuzaliwa, shule, alama za kidato cha nne. Biolojia na Fizikia alikuwa amepata A. Swali la mwisho lilimtaka aeleze kwa maneno mia sita kwa nini anataka kusomea shahada ya optometria, kazi ya kupima macho na kugundua magonjwa yake.

Serikali ilikuwa imempangia kozi ya takwimu katika chuo kingine. Siku majibu hayo yalipokuja hakula. Nilimwambia takwimu pia ni masomo, akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kwa hivyo nihesabu vipofu, Rodah? Nihesabu tu?"

Kisha akapata hicho chuo cha Nairobi. Kinachukua wanafunzi arobaini kwa mwaka, kinasoma barua ya kila mwombaji, na kinawaita wachache kuwahoji. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Akikosa, takwimu.

Sisi tunakaa upande wa juu wa Kimulot, mahali ambapo ukimaliza mashamba ya chai unaona miti ya msitu wa Mau. Baba alifariki Chepngeno akiwa darasa la tatu. Mimi nilipomaliza kidato cha nne sikuendelea. Nilibaki nyumbani na Mama, tukachuna chai pamoja miaka kumi na miwili, yeye mstari wake, mimi mstari wangu, tukizungumza bila kutazamana. Mama alifariki Agosti mwaka jana kwa homa ya mapafu. Alipofariki alikuwa haoni kabisa, na alikuwa amekaa gizani karibu mwaka mmoja na nusu. Bado nikiwa shambani huwa naanza sentensi nikidhani yuko mstari wa pili.

Jumatano kabla ya ile Ijumaa, mvua ya alasiri ilitukuta tumetoka kupeleka majani. Tukaingia jikoni. Chepngeno akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akatoa karatasi aliyokuwa ameificha ndani ya sweta isilowe. Alisema mwalimu wake wa zamani ameisoma na kusema haina kosa. Alitaka na mimi niisikie kabla hajaituma.

Aliiandika kwa Kiingereza, lakini ninaikumbuka hivi. Alisema mama yake alichuna chai miaka thelathini na moja. Macho yalipoanza kuzima, vidole vilichukua kazi ya macho. Alijua jani laini kwa kuligusa tu, majani mawili na ncha yake, na hakuwahi kurudishiwa hata kiganja kimoja kwenye kituo cha kununulia majani. Ndiyo maana hakuna aliyejua. Watu walitazama kikapu chake, wakaona majani mazuri, wakasema huyu mama anaona vizuri. Hata dada yangu Rodah, akasoma, aliyechuna kando yake kila siku, hakujua. Mikono ya mama yangu ilimficha. Nataka kuwa mtu ambaye hatadanganywa na mikono.

Akaikunja karatasi akaniuliza kama ni nzuri. Nikasema ni nzuri. Nikainuka nikaongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Ilikuwa nzuri kweli. Mtu yeyote angeisoma angempa nafasi. Shida ni kwamba haikutokea hivyo, na ni mimi peke yangu niliyejua.

Mikono ya Mama haikuona. Ilianza kukosea Chepngeno akiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Kwanza watu wa kanisani walianza kunung'unika kwamba Elmina, ndiye Mama, amekuwa na maringo, unapita kando yake hakusalimii. Mokeira, jirani yetu aliyekuja huku kutoka Kisii akiwa ameolewa, alilisema mbele ya wote kwenye kituo cha majani. "Mama Rodah siku hizi anasalimia watu wa mbele tu. Sisi wa kando tungoje." Watu wakacheka, Mama pia akacheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimemtazama. Mokeira alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumgusa, na Mama alikuwa hajui yuko upande gani.

Wiki ile ile Mathew, karani wa kituo, alimwaga majani ya Mama kwenye turubai ili ayakague. Alichambua, akachambua, akainua kiganja kizima cha majani magumu na vijiti. Akauliza kama hiyo ni chai ama ni chakula cha ng'ombe. Mama alisema jua lilikuwa kali, kichwa kinamuuma. Tulipofika nyumbani aliniita nyuma ya ghala, akaniambia kuna kitu kama ukungu pembeni mwa macho yote mawili, na unasonga katikati.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Kambi ya macho ikija watanitoa, na nitaona mpaka Kericho. Usimwambie Chepngeno, hatasoma. Usiambie mtu. Wakijua watanikalisha jikoni kama mgonjwa, na shamba litachunwa na watu."

Nilimwamini. Kila mtu huku angemwamini. Mwaka baada ya mwaka madaktari wa macho huja, hukaa kanisani siku tatu, na wazee huingia wameshikwa mkono na kutoka wakijitembeza. Sote tulijua mzee akipoteza macho ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hana haraka. Anaweza kungoja mwaka, hata miaka, na siku ukitolewa unaona. Hakuna aliyekuwa ametuambia kuna ugonjwa mwingine, presha ya jicho, usiongoja mtu na usiorudisha ulichokwisha kuchukua.

Kwa hivyo kila siku, tukitoka shambani, tulisimama pale njia inapopinda chini ya mikaratusi. Nilimwaga majani ya Mama kwenye leso yangu, nikatoa yaliyo magumu, nikarudisha mazuri, na nikapunguza yangu nikaongeza kwake ili kikapu kisipungue. Hakurudishiwa majani tena. Mathew alimsifu. Mwaka ule kambi ya macho ilikuja mwezi wa Aprili, majani yakiwa mengi kiasi kwamba tulichuna mpaka Jumapili baada ya ibada. Tukaambiana, mwaka ujao.

Mwaka uliofuata, Aprili, kambi ilimkuta Chepngeno nyumbani kwa likizo, na ni yeye aliyemshika mkono kwenda kambini. Yule mtu aliyempima alimweleza Chepngeno kila kitu, taratibu, kama mtu mzima. Angeletwa mapema, matone ya dawa yangeokoa macho aliyokuwa nayo. Sasa hapakuwa na cha kuokoa. Chepngeno alirudi nyumbani akitaka kujua kitu kimoja tu, nani alikuwa anamwangalia Mama. Mama akajibu kabla yangu. Alisema hakuna aliyejua, alificha vizuri. Nami nikanyamaza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani jikoni, mvua ikipiga mabati.

Nilifikiri kunyamaza tena. Barua ilikuwa tayari. Ilibaki siku mbili. Nikisema, nitamharibia barua, na labda nimharibie yeye mwenyewe asiweze kuandika nyingine. Angekosa nafasi kwa sababu yangu, na Mama alikuwa amepoteza macho kwa sababu yangu. Lakini nilifikiri pia kwamba wangemwita Nairobi wamuulize juu ya hivyo vidole, na angewaeleza uongo wangu kwa macho yake maangavu, akiuamini. Na angeuamini maisha yake yote. Angefundisha wengine kwamba mikono huona.

Nikakaa. Nikamwambia nilijua. Sikumficha lolote, wala ile leso, wala Aprili.

Chepngeno hakulia. Aliuliza swali moja. "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia Machi ya kidato chako cha pili. Akahesabu kwa midomo, nikaona inavyosogea. Miezi kumi na mitatu.

"Ningekuja," alisema. "Ningetoka shule siku hiyo hiyo nikampeleka Kericho kwa miguu."

Nikasema najua.

Akaiweka karatasi kwenye moto. Si kwa hasira. Aliiweka kama anayeweka kuni, akatoka kwenda kukamua ng'ombe, ingawa zamu ilikuwa yangu.

Alhamisi yote hakuandika. Alichuna. Alichuna mstari wa mbali na wangu, na nilipomwita anywe chai hakugeuka. Niliomba shambani nikiwa nimesimama, sikuomba msamaha, niliomba tu ashike kalamu. Ijumaa asubuhi aliondoka kwenda Mogogosiek, kwenye saiba ya intaneti iliyo mkabala na kiwanda cha chai, bila karatasi yoyote mkononi. Saa sita hakuwa amerudi. Saa tisa mvua ikaanza. Nilijiambia umeme umepotea, nikajiambia amepanda gari ameenda kwa shangazi Kapsoit asinione. Alirudi karibu saa moja, viatu mkononi, akasema ameituma saa kumi na moja kasoro dakika nne. Sikuthubutu kuuliza ameandika nini.

Wiki tano baadaye wakamwita kuhojiwa. Alikaa Nairobi siku moja akarudi. Alikuta nimempikia ugali na mboga na kumwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, akala mpaka nusu ya sahani. Kisha akaanza kusimulia mwenyewe. Walikuwa watu watatu mezani. Walikuwa wamesoma barua yake, kila mmoja alikuwa na nakala iliyopigwa mistari. Walimuuliza juu ya turubai ya Mathew, juu ya watu wa kando ambao Mama hakuwasalimia, juu ya Aprili. Mama mmoja mwenye mvi alitaka aeleze kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kuchambua majani ya kipofu mwaka mzima na asimpeleke hospitali.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wewe si mjinga." Alikuwa anatazama sahani. "Nikamwambia huku tunajua ugonjwa mmoja wa macho kwa sababu ndio mmoja tumeona ukipona. Nikamwambia mtu akija kunifundisha, hiyo ndiyo kitu nataka kujua kusema, kwamba kuna mwingine usiongoja, kwa lugha ya nyumbani, kwenye kituo cha majani, sio hospitali."

Nikamuuliza kama walikuwa na swali lingine.

"Yule mwenye mvi aliuliza kama nimekusamehe."

"Ukasema?"

"Nikasema hilo si swali la optometria." Karibu acheke, mimi pia. Hatukucheka. Akamaliza sahani.

Jibu lilikuja Jumanne, tukiwa tunapalilia mahindi. Alisoma ujumbe, akanipa simu nisome mwenyewe, kwa sababu hakuamini macho yake, alisema hivyo. Nafasi ilikuwa yake. Alinikumbatia kwa nguvu, mikono yake ikiwa na udongo, kisha akaniachilia haraka kidogo kuliko zamani. Mokeira alisikia kelele akaja akivuka ua, akapiga vigelegele vya Kisii mpaka mbwa wakabweka. Nikashukuru, kongoi, kongoi, kwa Mungu na kwa Mokeira pamoja.

Aliondoka Septemba. Nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja. Jioni huwa napika kingi, kisha nakumbuka. Anapiga simu Jumapili, anasimulia maabara, mwenzake wa chumbani aitwaye Maxine anayekoroma, baridi ambayo si baridi. Hataji Mama. Mimi pia sitaji, ingawa ndiye ninayetaka kumtaja. Hakuna mwingine duniani wa kumtaja naye.

Mwezi wa Novemba akanitumia ujumbe mfupi. Presha ya jicho hutembea kwenye ukoo, aliandika, watoto wa mgonjwa lazima wapimwe, na yeye alikuwa ameshapimwa huko chuoni. Akaniandikia jina la kliniki mjini Kericho na saa. Hakuniuliza kama nitaweza.

Nilikwenda. Kijana mmoja alinikalisha mbele ya mashine, akaniegemezea kidevu mahali pake, akaniambia nisipepese. Hewa kidogo ikapulizwa kwenye jicho, kama mtu anayempulizia mtoto uji. Jicho la kulia, jicho la kushoto. Akatazama ndani kwa taa, akaandika. Akasema macho yangu ni mazima, nirudi mwaka ujao. Nikamuuliza kama ni hivyo tu. Akasema ndiyo, mama, ni hivyo tu. Hazikufika dakika kumi. Nilibaki nimekaa mpaka akaniomba nimpishe mgonjwa mwingine.

Nilisimama nje, ukutani, nikampigia Chepngeno. Nikamsomea namba za presha alizoandika yule kijana, kumi na nne na kumi na tano. Akazirudia, akasema ni nzuri.

Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kukiuliza. Kama ningemleta Mama hapa ile Machi, siku ya Mathew, akakaa kwenye kiti kile, angeona?

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, vyombo, mtu akimwita.

"Sijui, Dada," alisema. "Bado hatujafika hapo darasani. Tukifika nitakuambia."

Nikamwambia nitangoja.