Kiganja Juu ya Injini

Baba alikubali nibadilishe mfumo wa kupoza injini ya boti yake kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa la kunikomoa. Nikimaliza, injini ikishapata moto, ataweka kiganja juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ahesabu mpaka kumi. Asipofika kumi, nafungua kila nilichofunga, narudisha maji ya chumvi, na boti yake siigusi tena maisha yangu yote.

Miaka thelathini na moja amevusha walimu na wauguzi kwenda ng'ambo, na miaka yote hiyo kipimo chake cha joto ni kiganja. Gatini wanamwita Mzee Geji, naye kichwa kinavimba. Anaweka mkono, anafumba macho kidogo, anasema, "Poa, twende." Ukimwambia geji zinauzwa dukani, anakuuliza hiyo ya dukani imemlea nani.

Mimi ndiye fundi wa nyumba ile, binti yake wa pekee, na nilikuwa nimechoka. Maji ya bahari yakipita ndani ya injini yalishatafuna silinda hedi mbili. Ya tatu ikioza basi tena, maana za aina ile hazitengenezwi siku hizi, na Baba bila boti simjui ni mtu gani. Kwa hiyo nikafunga kipozeo, kopo refu lenye vibomba vyembamba ndani. Maji safi yanazunguka kwenye injini na kurudi kupozwa humo. Ya bahari yanapita kwenye vibomba tu, yanatoka zake kwa ekzosi. Chumvi haionani tena na injini. Kuna ugumu gani hapo, jamani?

Ugumu ulikuwa joto. Injini inayopozwa na bahari unaiachia joto dogo, la sivyo chumvi inaganda ndani. Ya maji safi inafanya kazi vizuri kwenye digrii themanini na kitu. Themanini na kitu! Kiganja gani cha binadamu kinahesabu kumi hapo? Nilijua nimeshindwa kabla sijashika spana. Wiki nzima niliandaa maneno ya kumlainisha, nikiyasema peke yangu njiani kama mwehu.

Asubuhi ya majaribio tuliiacha boti imefungwa gatini, injini ikanguruma nusu saa. Geji mpya niliyoifunga ikapanda, ikatulia kwenye themanini na mbili. Nikagusa silinda hedi kwa kidole, nikakivuta kwa ukelele.

Baba akacheka. "Mikono ya kushika simu hiyo. Sogea."

Akaweka kiganja. Moja. Mbili. Nikavuta pumzi nianze hotuba yangu. Tano. Sita. Uso mkavu, hata kope haichezi. Kumi.

"Poa," akasema. "Kama siku zote. Hongera, mwanangu."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Tangu nimeanza ufundi nalisubiri hilo neno kinywani mwake, limekuja, nami nimeduwaa tu na tambara mkononi. Poa vipi? Kama ni poa, geji inadanganya. Kama geji inadanganya, mbona kidole changu kinawaka? Au hewa imenasa ndani, sehemu moja ina moto na nyingine ubaridi? Nikagusa palepale alipogusa yeye. Ebo! Vidole viwili sasa.

"Hujaridhika?" Baba akauliza. "Mtu anakupa ushindi unaukataa?"

"Ngoja kwanza, Baba. Kuna kitu hakijakaa sawa."

Kwenye boti ya jirani alikuwepo fundi wa mafriji, ana kile kibunduki cha kupimia joto. Nikamwomba, akanirushia, nikalenga. Themanini na mbili. Nikalenga tena, nikalenga ukuta, nikajilenga mwenyewe. Kibunduki kizima. Geji nzima. Akili yangu ndiyo ikagoma. Maisha yangu yote mkono wa Baba haujawahi kukosea, kwa hiyo lazima nimekosea mimi, lakini wapi?

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Weka tena, tafadhali. Nikuangalie."

Akaguna, akaweka. Safari hii hakuhesabu, alinisema tu: siku hizi watoto wanaamini mashine kuliko wazazi, na huo ubishi sijui nimeurithi kwa nani. Alikuwa bado ananisema nilipoudaka mkono wake na kuugeuza.

Ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja, nyeupe, kama utando wa maziwa.

Akautazama. Akautazama tena karibu na macho, kama wa mtu mwingine. "Hii nini?"

"Baba, umeungua."

"Siyo moto huo. Nakwambia siyo moto!"

"Husikii maumivu?"

"Maumivu ya nini?"

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu lini nini?" Sauti ikapotea. Halafu akapeleka mkono wa kushoto kwenye injini. "Niache nijaribu huu."

Nikauwahi kabla haujafika, nikaukumbatia kwa mikono yangu yote miwili. Akavuta, nikang'ang'ania, mpaka akatulia. Nikazima injini kwa goti. Roho iliniuma jamani, ningeweza kung'oa kila bomba nililofunga na kulitupa majini, kama hilo lingesaidia chochote.

"Sasa nitakuwa najuaje?" akauliza.

Abiria wa saa mbili walishaanza kujipanga gatini, wauguzi wawili mbele, wanatupungia. Baba aliwaangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia ng'ambo.

"Haya, nishike mkono nishuke," akasema.

Nilikuwa nimeushika muda wote, ule wa kushoto, kwa nguvu zangu zote.