Vijiti vya Sherehe ya Mfalme

Siku ya tatu baada ya fataki za sherehe ya mfalme, karani Kepher aliinama akaingia nyumbani kwa Nyanchoka, katika kambi ya wachuma chai, na kisahani cha wino mkononi. Pole hakusema. Nyanchoka akajua hapo hapo kwamba huyu hakuja kuona wagonjwa.

Wagonjwa wenyewe walikuwa watatu. Nyatichi, mama mkwe wake, alikuwa amefungwa kitambaa machoni. Jerusa, bintiye wa miaka minne, mapaja yalikuwa yameanza kunuka. Naye Nyanchoka viganja vyote viwili vilikuwa vimeungua alipouzima moto uliomshika mtoto.

Asubuhi baada ya sherehe, nyapara Gekara aliwaambia wanawake wafagie uwanja, na vijiti vya fataki wajichukulie kuni. Nani angekataa? Kukata hata tawi shambani ni kosa. Nyanchoka alibeba kitita, akapikia uji. Kijiti kimoja kilikuwa bado na baruti yake, kikalipuka mekoni.

Sasa Kepher alisema gari la ng'ombe liko tayari kumpeleka mtoto hospitali ya misheni. Aweke tu kidole kwenye karatasi, basi. Gekara alisimama mlangoni akitazama viatu vyake.

"Nisomee kwanza," Nyanchoka alisema.

Kepher akasoma: mama huyu alipewa vijiti na nyapara, akaumia kwa bahati mbaya.

"Soma tena."

Mara ya pili nyapara hakuwemo, na mama hakupewa, alichukua bila ruhusa. Nyanchoka hakujua a wala be, lakini masikio alikuwa nayo. Kama maneno yaliandikwa, yangetorokea wapi?

"Karani, mbona Gekara ametoka humo karatasini?"

"Mama, gari haingoji. Unataka ama hutaki?"

Jerusa alikuwa akililia maji. Nyanchoka alichovya kidole gumba, akakandamiza. Kepher akatazama, akasonya. Lilikuwa doa tupu, moto ulikuwa umekula mistari yote. Wakajaribu cha kushoto, ngozi ikabaki karatasini. Karani akamgeukia Nyatichi. Bibi kizee akaikalia mikono yake.

Basi Kepher akatoa karatasi nyingine, akachuchumaa kando ya kitanda, akaushika mkono wa Jerusa. Nyanchoka angeweza kusema hapana. Nje ng'ombe walikuwa wameshafungwa nira, na dereva alikuwa akipiga mluzi. Alinyamaza, akajichukia kwa kunyamaza.

Kidole cha mtoto kilitoka safi, mstari kwa mstari. Jerusa akaacha kulia, akaomba aweke kingine. Alidhani ni mchezo.

Kepher akaupuliza wino ukauke, kisha akachukua kalamu.

"Jina lote la mwizi?"

Jerusa akajibu mwenyewe, kwa sauti, vile alivyofundishwa shule ya Jumapili:

"Jerusa Onyancha."