Ndoo Iliyoachwa Getini

Watu wa hapa Newala wakikutana nami wananiamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu Ethel," nami naitika marahaba. Nikishapita wanasema, "Bibi Kengele huyo." Wanadhani sisikii. Miguu ndiyo mibovu, masikio yangu mazima kabisa.

Na jina lenyewe nalipenda, acha waseme. Miaka thelathini na mmoja nilipiga kengele ya shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yangu. Kengele ni rimu ya lori, inaning'inia kwenye mkorosho, unaigonga kwa kipande cha nondo. Saa moja na nusu watoto mstarini, saa nne na nusu mapumziko, saa nane nyumbani. Ile ya asubuhi ikishalia, nilifunga geti kwa mnyororo. Aliye nje abaki nje. Nilikuwa na neno langu moja tu: saa ni saa. Wazazi walininung'unikia, lakini watoto wao waliwahi.

Sasa mjukuu wangu Priska anataka kusoma shule ya kwenye simu. Mwaka jana bodaboda ilimtupa mtaroni, mguu ukavunjika mara mbili, wakamtia vyuma. Sekondari yake iko kilomita saba, na mtoto anatembea kwa gongo. Mama yake, ambaye ni binti yangu, anafanya kazi ghala la korosho kule Tandahimba, na huko ndiko alikosikia habari za mwalimu mmoja wa Masasi anayefundisha watoto kwa mtandao. Nafasi za bure zilikuwa kumi tu. Watoto zaidi ya mia wameomba, na watafanya mtihani siku moja, Jumatano saa nne asubuhi, kila mmoja kwenye simu yake. Mlango unafunguliwa saa nne kamili, saa nne na robo unafungwa.

Priska akikosa, anakaa nyumbani hadi mwakani. Na msichana wa miaka kumi na tano akikaa nyumbani mwaka mzima, tunajua yanayofuata. Wataanza kupita wageni wenye maneno matamu, na msimu wa korosho ukifika ana mtoto tumboni. Nimewaona wangapi! Kwa hiyo niliitaka nafasi ile kuliko yeye mwenyewe, ingawa mdomoni niliiponda.

Niliiponda kweli. "Shule gani haina mstari?" nilimwambia. "Haina ufagio, haina wimbo wa asubuhi, haina hata mtu wa kukukopesha kalamu?"

"Kalamu haihitajiki, Bibi."

"Loo! Basi hiyo si shule, ni redio."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka sakafu ya darasa ikinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, ile harufu ya vumbi lililolowa. Watoto sitini wakiimba jedwali la saba kwa sauti moja mpaka madirisha yanatetemeka. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, walikuwa wanayafyonza kwa siri njiani, halafu wanakuja mbele yangu na mashati yana madoa, wananiambia ni chai. Chai gani ile! Madoa ya mabibo hayatoki mpaka shati lichanike. Nilikuwa nawachapa, kisha naingia ofisini nacheka peke yangu. Mungu anisamehe, nayatamani maisha yale hadi leo.

Na kila mara nilikuwa namalizia kwa kisa changu cha ndoo.

Huku kwetu juu maji yalikuwa ya tabu. Kina mama na watoto wa kike walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani. Shuleni tulikuwa na utaratibu: Jumatatu kila mwanafunzi aje na ndoo ya maji, ya kumwagilia miche na ya jiko la walimu. Basi Jumatatu moja nimeshafunga geti, naenda kufungua saa ya mapumziko, nakuta ndoo nje. Imejaa pomoni, imefunikwa majani yasiingie vumbi. Mwenyewe hayupo, wala hakuja kudai sifa. "Unaona?" nilikuwa namwambia Priska. "Shule ile ndiyo ilijenga watoto wa namna hiyo. Mtoto analeta maji, anaondoka zake kimya. Simu yako inaweza kumfundisha mtu hivyo?"

"Bibi, hiki kisa umenisimulia mara mia."

"Na utakisikia mara ya mia na moja."

Jumatano ikafika. Ndani ya nyumba mtandao haushiki, kwa hiyo tulitandika mkeka ukingoni, hatua kama mia mbili kutoka mlangoni, pale ardhi inapokatika na kushuka bonde la Ruvuma. Hapo mtandao huwa mzuri. Saa yangu ya mkononi ilikufa mwaka jana, na simu yangu ndogo ya tochi haijui saa, ukitoa betri tu inaanza kuhesabu upya. Nikamwambia Priska, "Nipe simu yako, wewe pitia daftari. Saa nitaishika mimi. Miaka thelathini na mmoja sijakosea kengele."

Akanipa. Nikaiweka mapajani, naitazama kila baada ya muda. Nilimlazimisha anywe uji. Nikamwambia asihangaike, saa tatu na dakika kumi, bado kabisa. Akauliza tena, nikamkaripia: "Nimesema bado! Unamfundisha Bibi Kengele saa?" Akainama kwenye daftari lake.

Mara nyuma yetu rimu ikalia. Ngo, ngo, ngo. Kengele ya mapumziko. Nikatazama simu: saa tatu na nusu.

"Umeona walimu wa siku hizi?" nikasema. "Kengele ya saa nne na nusu wanaigonga saa tatu na nusu. Wanakimbilia chai! Mimi nisingethubutu."

Priska aliinua kichwa taratibu. Akaichukua simu mapajani mwangu, akaitazama pale juu, na uso wake ukabadilika.

"Bibi, hii imeshika mtandao wa ng'ambo."

Hapo ukingoni ndivyo ilivyo, kila mtu anajua. Upepo tu ukigeuka, simu inaruka mto na kushika minara ya Msumbiji, na wenzetu wa Msumbiji wako nyuma yetu saa moja. Swalehe wa bodaboda alishawahi kumkosesha abiria basi la Mtwara kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Kengele yangu mwenyewe imenilia kwa saa ya kweli, rimu niliyoigonga kwa mkono huu, nikaikatalia nikaamini simu. Mimi!

Priska aliizima simu akaiwasha. Ilipozinduka ilisoma saa nne na dakika thelathini na nne. Akabonyeza pale pa mtihani, yakatokea maneno: Muda wa kuingia umekwisha. Hakunilaumu. Aliweka gongo lake chini, akajifunika uso na daftari, mabega yanatikisika. Angenitukana ningepata nafuu.

Namba ya yule mwalimu wa Masasi mama yake alikuwa ameiandika nyuma ya daftari. Nikachukua simu yangu ya tochi, nikasogea pembeni kidogo, nikapiga. Ikapokelewa na mwanamke.

"Mwalimu Selestina anaongea."

Nikamweleza mbio mbio. Kwamba mtoto hana kosa, kosa ni langu, saa niliishika mimi. Kwamba alikuwa tayari tangu alfajiri. Kwamba ni dakika ishirini tu, dakika ishirini ni kitu gani, mwanangu? Nilijisikia mwenyewe ninavyoongea. Maneno yale yale niliambiwa na wazazi pale getini miaka yote, nami niliwajibu saa ni saa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Akauliza, "Naongea na nani?"

"Mimi bibi yake Priska. Naitwa Ethel. Nilikuwa mwalimu hapa Newala."

Nikasikia anaweka kitu mezani.

"Mwalimu Ethel wa kengele?"

"Ndiye mimi."

"Shikamoo, Mwalimu. Ulinifundisha darasa la saba."

Nikaitika marahaba, na moyo ukapanda. Mwanafunzi wangu! Nikaanza kumwambia basi yeye ananijua, ajue sisemi uongo. Akanikatiza, lakini kwa adabu.

"Mwalimu, unakumbuka Jumatatu moja uliyokuta ndoo ya maji nje ya geti?"

Nilishangaa kakijulia wapi kisa changu. "Nakumbuka sana, mama. Nakisimulia mpaka leo. Sikumjua yule mtoto, lakini alikuwa na moyo mwema."

"Ilikuwa yangu."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Siku ile foleni ya maji bondeni ilikuwa ndefu," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Nilipanda mlima nakimbia. Nilipofika ulikuwa unafunga mnyororo. Nikakuita, Mwalimu. Ulinitazama ukasema saa ni saa. Sikuweza kurudi nayo ndoo, nilikuwa nimechoka mno. Nikaifunika majani nikaiacha. Nyumbani baba akasema, kama shule haikutaki, kaa. Nikakaa mwaka mzima, mpaka shangazi yangu wa Lisekese, kule Masasi, alipokuja kunichukua."

Nilimkumbuka. Si uso, uso umeshafutika. Nilikumbuka daftari la mahudhurio, mstari wa msichana aliyeacha kuja, na neno nililoliandika mbele ya jina lake kwa wino mwekundu: mtoro.

"Nisamehe, Selestina," nikasema. Nikakaa chini kwenye nyasi. "Nisamehe, mwanangu. Lakini usimlipize mtoto. Nifungie mimi."

"Mwalimu, geuka umtazame."

Nikageuka. Priska alikuwa amejifuta uso. Ameinamia simu, ulimi nje kidogo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, kidole kinakwenda.

"Nilipoona jina lake halipo, na anwani yake ni Newala, nilijua simu imevuka mto," Selestina alisema. "Mimi nimekulia hapo. Nilimtumia njia nyingine ya kuingia tangu saa nne na robo, ilikuwa inasubiri mtandao urudi tu, na sasa namwona humu ameshaingia. Na muda wake nimeuongeza. Hajapungukiwa hata dakika."

Nililia. Sina haya kusema, nililia kwa sauti, mzee mzima na kanga mdomoni ili mtoto asisikie.

"Mwalimu," akaniita. "Nina swali ambalo nimekaa nalo miaka yote. Yale maji mliyafanyia nini?"

Ningeweza kumdanganya kwamba tulimwagilia miche, kwamba kuna mti hapa umekua kwa ajili yake. Mdomo ulikuwa tayari. Nikamwambia kweli.

"Tulipikia chai ya walimu. Mimi nilikunywa vikombe viwili."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Afadhali hayakumwagika," alisema. "Nilihangaika sana nikidhani yalimwagika."

Tukaagana. Nilirudi mkekani nikakaa karibu na Priska mpaka alipomaliza. Nafasi aliipata, ya nne kati ya kumi, na siku hizi kila asubuhi sauti ya Selestina inasikika ukingoni kwetu ikimwita jina lake.

Kisa cha ndoo bado nakisimulia. Ila sasa nakitaja kwa majina: mwenye ndoo alikuwa Selestina, na aliyefunga geti nilikuwa mimi.