Torcuil na Ng'ombe wa Mjane

Torcuil alinikuta jikoni nikimenya viazi. Akavua kofia, akakaa karibu na jiko, asiseme kitu. Tangu tulipomzika mama yake, aliyekuwa shoga yangu wa tangu utotoni, huniita shangazi na hufikia kwangu kila anapokuja kisiwani, kwa hiyo namjua akinyamaza na namjua akiigiza kunyamaza. Siku hiyo hakuwa akiigiza.

"Wamekataa, shangazi," akasema mwishowe.

"Nimesikia. Kunywa chai kwanza."

Aliondoka hapa kisiwani Lewis akiwa kijana aliyetoka shule, akaenda Glasgow kujifunza uigizaji. Baba yake, mwimbishaji wa zaburi kanisani kwetu, hakulikubali jambo hilo mpaka akaingia kaburini. Miaka ya mwanzo Torcuil alionekana kwenye televisheni kama maiti tu. Kisha akawa polisi, akawa mwizi, akawa polisi tena. Halafu bahati ikamwangukia: akapewa sehemu ya daktari wa mifugo katika tamthilia iliyopendwa Uskoti nzima. Ilionyeshwa Jumapili, siku ya Bwana, kwa hiyo sisi tuliisubiri ikirudiwa Alhamisi. Mimi sina televisheni. Nilikuwa nikienda kwa dada yangu Kirsty, na soksi zangu za kufuma mkononi, nisije nikaonekana nimekwenda kukaa bure.

Tamthilia ikaisha. Mke akaenda zake. Nywele zikawa nyeupe, simu zikapungua, na mara ya mwisho niliposikia sauti yake redioni alikuwa akisifu chakula cha mbwa. Ndipo likaja hili la filamu: habari ya mwimbishaji mzee anayewazika wenzake mmoja mmoja mpaka anabaki na viti vitupu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Torcuil angekuwa mhusika mkuu. Wenye fedha walimtaka mtu mwingine, wa Edinburgh, mwenye jina. Lakini Bibi Pargeter, mwongozaji wa filamu aliyetoka London, aliwaambia huyu ana watu wake, nao wataimba naye kama wanavyoimba kwao. Ahadi ilikuwa hiyo. Bila sisi, Torcuil hakuwa na lolote la kumshinda yule wa Edinburgh.

Nao wazee wa kanisa walikuwa wamekataa. Zaburi ni ibada. Mwimbishaji hutoa mstari peke yake, nasi tunaupokea, kila mtu na Mungu wake. Utaimbaje hivyo halafu mtu akuambie rudia, taa haikukaa vizuri?

"Nami nisingeimba," nikamwambia Torcuil, maana sikutaka ajidanganye kwa ajili yangu.

"Najua, shangazi. Wala sikuombi." Akauzungusha ukingo wa kofia. "Lakini baba alitufundisha sauti za zaburi kwa maneno gani?"

Nikaweka kisu chini.

Tulimkuta mzee Murdo kwenye zizi lake. Ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa, na ulimi wake mkali sote tunaujua.

"Daktari," akamwita Torcuil, "afadhali umekuja. Kondoo wangu anachechemea."

"Mpe chai ya moto, mzee, umwambie apumzike."

"Ndivyo walivyokufundisha Glasgow?"

"Glasgow walinifundisha kuwa maiti. Udaktari nilijifunza mwenyewe."

Murdo akacheka puani. Torcuil akaliweka shauri lake waziwazi. Hapa kwetu anayejifunza sauti haruhusiwi kuyachosha maneno ya Daudi kwa makosa yake. Hujifunza kwa maneno mengine, ya upuuzi, mpaka sauti imkae; ndipo apewe zaburi. Sauti ile ya misiba, ambayo Bibi Pargeter aliitaka, sote tulijifunza kwa maneno haya:

Ng'ombe wa mjane amezama topeni,
pembe hazionekani, umebaki mkia.

"Unataka tumwimbie ng'ombe mbele ya kamera?" Murdo akauliza.

"Nataka mfanye mazoezi, kama mlivyofanya kwa baba yangu. Wao wapige picha ya mazoezi."

Murdo akainama, akaushika mguu wa kondoo wake. "Si ndani ya kanisa," akasema. "Na yule mama aambiwe ukweli. Hatudanganyi mtu."

Mchungaji naye akasema hayo hayo. Bibi Pargeter alipoambiwa alicheka, kisha akasema maneno ya wimbo hayataandikwa chini ya picha, watazamaji wasiojua lugha yetu watafuata sauti tu. Tukapewa kanisa la zamani la mwisho wa kijiji, ambalo halina ibada tena, siku hizi watu huwekamo sufu. Watu wa filamu wakatoa magunia, wakapanga viti.

Mimi nilikaa kiti cha mbele, nikiwa na nguo zangu nyeusi za kila siku. Torcuil akasimama mahali pa mwimbishaji, koti limembana kifua, akatoa mstari wa kwanza. Sauti ilikuwa ya baba yake, nikastuka. Tukapokea. Akatoa wa pili, na alipofika kwenye mkia, kiti cha nyuma yangu kikaanza kutikisika. Alikuwa ni Murdo. Amejifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka.

"Samahani," akasema. "Ni mkia."

Tukaanza upya. Safari hii ni dada yangu Kirsty aliyetoa sauti kama ya birika linalochemka, na baada yake kanisa zima likaangua kicheko. Sisi tuliofundishwa kutocheka kanisani tulicheka kama watu waliokiweka kicheko akiba miaka yote.

Bibi Pargeter akamwita Torcuil pembeni, karibu na kiti changu. Hakupandisha sauti. "Mwanga unaondoka," alimwambia. "Nitajaribu mara moja tu. Ikishindikana itabidi nimpigie yule wa Edinburgh. Umenielewa?"

"Nimeelewa," akasema Torcuil.

Akaja akasimama mbele yetu. Nilidhani atatubembeleza. Hakubembeleza.

"Mzee Murdo," akasema, "mama yako alipofiwa na baba yako, alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Unajua wewe. Mmoja."

"Na watoto?"

"Tulikuwa watano." Murdo akaishusha kofia yake. "Ya nini hayo?"

"Nauliza tu," akasema Torcuil, akarudi mahali pake.

Akatoa mstari. Maneno yalikuwa yale yale, lakini sikuyatambua. Aliimba kama mtu aliyesimama ukingoni mwa tope, kamba imemkata viganja, watoto wako nyumbani wanangoja maziwa. Hakutoa chozi wala hakukunja uso. Alikuwa akitazama tu chini, mahali fulani sakafuni, nami nikatazama pale pale, na Mungu ni shahidi yangu, nilimwona ng'ombe. Nikaukumbuka mwaka niliofiwa na mume wangu Tormod, namna nilivyokuwa nikihesabu vipande vya mboji tunavyochoma badala ya kuni na kuangalia mbingu. Tukapokea mstari. Sauti za wanaume zilitoka chini kabisa, za wanawake zikapanda juu yake, kila moja kwa njia yake. Tulipofika kwenye mkia hakuna aliyecheka. Kirsty alikuwa amenishika mkono.

Tulipomaliza, yule bibi wa London aliinuka kitini. Kisha akamwendea Torcuil, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kesho saa mbili, mwimbishaji wangu." Torcuil akainamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakishuka.

Watu wakatoka, Murdo akabaki amekaa. Torcuil akaja akaketi kiti cha mbele yake, ubavuni kwangu.

"Ulipoondoka nilisema kuigiza ni uongo," Murdo akasema.

"Ulisema, mzee. Na baba pia."

"Mama alikuwa akimwendea yule ng'ombe zizini alfajiri, anamwekea sikio ubavuni. Nilikuwa nimesahau." Akajipangusa pua kwa kiganja, akavaa kofia. "Kesho wanataka nini, hawa watu wako?"

"Mazishi. Wanatafuta wanaume wa kubeba jeneza."

"Ndani yake kuna nini?"

"Hamna kitu. Ni mbao tupu."

Murdo akasimama, akashika kiti ili magoti yakubali.

"Waambie waweke mawe," akasema. "Wanaume wetu hawajui kubeba jeneza jepesi. Wataonekana waongo."