Mke au Mchumba

"Mume ndiye huyu?" Elinipendo aliuliza, kidole juu ya picha.

"Siye. Huyo Tamimu," Mwanamina akajibu.

"Sasa mbona ndiye kashikana mkono na baba yako?"

"Si ndiye wakili wa bwana harusi!"

"Na bwana harusi mwenyewe?"

"Yuko Marekani."

Elinipendo akavua miwani. Ni mwanamke wa Kipare, ana mwaka wa tisa Kibiti na duka lake la kuchapisha na kutoa kopi karibu na stendi, na humo ameshajaza fomu za kila namna: za vyeti vya kuzaliwa, za pasipoti, hata za mirathi. Lakini harusi ambayo bwana harusi hayumo hata kwenye picha moja, hiyo alikuwa hajakutana nayo. Wala simlaumu. Wakishangaa mambo yetu, na sisi ya kwao tumeyashangaa sana tu.

Ilikuwa hivi. Nurdini, huyo bwana harusi, kazaliwa Minesota huko Marekani, ila baba yake ni mtu wa kijiji cha Mkongo, huku huku kwetu, aliyeondoka zamani. Mwaka jana alikuja kuwaona ndugu zake, akakaa wiki sita, na katika wiki hizo akamwona Mwanamina sokoni Kibiti akiuza kamba, ambao huwafuata mwenyewe Salale kwa boti. Basi, ghafla bwana akawa mpenzi wa kamba. Kila siku kilo moja! Shangazi zake wakachoka kumenya. Aliporudi kwao akaleta posa, Mwanamina akakubali kabla hata hajamaliza kuulizwa, na kwa kuwa kazi ilimbana, Nurdini akampa binamu yake Tamimu uwakili. Miezi saba iliyopita, kwa kina Mwanamina huko Mtunda, baba mtu alimshika Tamimu mkono, akamwozesha Nurdini. Pilau ikaliwa, vigelegele vikapigwa. Tangu siku hiyo Mwanamina ni mke wa mtu, na mumewe hajamwona ila kwenye simu.

"Hao wa viza huko watadhani umeolewa na Tamimu," Elinipendo akasema.

Mwanamina akacheka mpaka akashika meza. Kisha cheko likamkatika, maana hilo hasa ndilo lililomleta. Asubuhi ile Nurdini alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti baada ya kuonana na mwanasheria. Akauweka, wakausikiliza wote wawili.

"Mke wangu, njia ziko mbili. Sheria ya huku haiihesabu ndoa ya wakili mpaka sisi wenyewe tuwe tumeishi kama mke na mume baada ya nikahi. Kwa hiyo ama nije huko kwanza tukae pamoja, halafu nikuombee viza kama mke. Ama nikuombee sasa hivi kama mchumba, wewe ndiye uje, tufunge ndoa huku ndani ya siku tisini. Hiyo ya mchumba sihitaji kuja tena. Mimi naona tushike hiyo. Niambie nianze kujaza."

"Mchumba, basi," Elinipendo akasema. "Unafika, unavaa gauni lako jeupe, mchezo umekwisha. Kigumu nini?"

"Dada Eli, atajaza kwamba hana mke."

"Si karatasi tu hiyo."

"Karatasi tu? Wewe unayekula kwa karatasi?"

Elinipendo akavaa miwani yake, akaiinamia tena picha.

Mwanamina tangu udogoni ni mtu wa kuuliza. Jambo likishamwingia kichwani, halali mpaka aujue mwisho wake. Sasa alitaka kujua: mtu anakuwaje mke Mtunda, asiwe mke Minesota? Huko kuwa mke kunamtoka wapi, uwanja wa ndege au angani? Akiwa juu ya bahari ni nani? Swali hilo lilimchekesha njia nzima mpaka kwa Maalim Sadala, aliyewafungisha nikahi, anayekaa nyuma ya soko.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Maalim, mwanamume akiandika hana mke, na mke anaye, ndiyo keshamwacha?"

Maalim alikuwa akidarizi kofia. Akaichomeka sindano, akaiweka kando. "Inategemea alichonuia. Kama hakunuia kuacha, hajaacha."

"Nia yake nitaijuaje?"

"Muulize. Mimi niliandika cheti, mwanangu. Moyo wa mtu siuoni."

Kumbe! Mwanamina akarudi dukani kwa Elinipendo, penye mtandao wa uhakika, akapiga simu. Ilikuwa saa kumi jioni, huko kwa mumewe asubuhi.

"Umeamua?" Nurdini akauliza.

"Bado nauliza."

"Nilijua tu," akasema, na mkewe akasikia anatabasamu.

"Hizo siku tisini. Zikiisha hujanioa?"

"Nitakuoa, Mwanamina. Mbona unaniuliza hivyo?"

"Najua utanioa. Lakini zikiisha hujanioa?"

"Sheria inasema unarudi."

"Nirudi kama nani?"

Akamsikia Nurdini akivuta kiti.

"Sikugombezi, nataka kujua kweli. Talaka sitakuwa nayo, maana kwa karatasi zako hukunioa. Mume sitakuwa naye. Baba akija kunipokea, anampokea nani? Mwari? Mtalaka? Hata eda nikae nisikae, sijui."

"Sijawahi kulifikiria hilo," Nurdini akasema. "Wallahi, hata siku moja."

Mwanamina aliuliza kwa kutaka kujua tu, na sasa akaliogopa jibu, kwa sababu alimpenda mtu huyu, alimpenda hasa. Angeweza kusema haya, jaza unavyotaka, na yakaisha.

"Basi mie nachagua ile ya mke," akasema. "Njoo."

"Kazi hii mpya nina miezi mitatu tu. Nikiomba ruhusa sasa naweza kuikosa. Na njia hiyo ni ndefu, pengine itapita mwaka."

"Mwaka nitangoja, mradi nangoja nikiwa mke. Siku tisini za kutojijua mimi ni nani, hizo siziwezi."

Upande wa pili akasikia kijiko kikigonga kikombe, halafu kikaacha. Elinipendo, aliyekuwa akijifanya anapanga karatasi, naye akaacha kupanga.

"Hivi," Nurdini akasema mwishowe, "nikishuka kwenye ndege, mabasi ya Kibiti bado yanaondokea Mbagala?"

"Pale pale, stendi ya Rangi Tatu," Mwanamina akamjibu, na machozi yakamtoka mbele za watu dukani, wala hakuona haya.