Nywele za Upupu

Siku tatu kabla ya harusi ya binti yake, Othmar aliapa mbele ya mkewe kwamba Bernadi hatakanyaga uani kwake. Na Bernadi huyo ndiye baba wa ubatizo wa binti huyo, Flavia, tena jirani wa shamba, ngoro kwa ngoro, yale mashimo ya kulimia, la huyu likichungulia la yule kwenye mteremko mmoja wa Namswea.

Kisa kilikuwa shati. Othmar alilitundika kwenye mti wa mpakani akaenda kuchuma kahawa. Bernadi akapita, akasalimia, akaenda zake. Othmar aliporudi na kulivaa, hajafunga kifungo cha pili mwili ukawaka moto. Akajikuna, akaruka, akakimbilia mtoni kuoga. Maji yakaubeba muwasho kutoka shingoni hadi miguuni.

"Ni upupu!" alifoka alipofika nyumbani. "Kanipaka Bernadi!"

"Acha kujikuna, Baba Flavia, unaupigilia ndani," alisema Kunigunda, mkewe. Akasonga ugali mgumu, akausubiri upoe kidogo, akauviringisha mgongoni mwa mumewe kama mtu anayezoa unga uliomwagika. Polepole moto ukashuka. Bonge la ugali likabaki na nywele za rangi ya dhahabu, ndogo kuliko kope.

Jioni ile bibi shamba Hilda alifika na pikipiki kukagua maharage ya mbolea, yale ya kurutubisha udongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama nilivyofanyiwa."

Hilda akalitazama bonge, akatoa kioo cha kukuzia. "Angalia mwenyewe."

Othmar aliinama. Nywele ikageuka mkuki, ncha kali, na karibu na ncha miba midogo iliyoelekea nyuma. Akasahau hasira. Darasa la nne lilimwacha na kusoma tu, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha silaha ndani ya kitu asichoweza hata kukishika.

"Ndani yake mna kimeng'enya," alisema Hilda, "protini inayokata protini nyingine. Ikichoma ngozi inaamsha mishipa ya fahamu. Ndiyo maana hata vidonge vya mzio huwa havifui dafu."

"Kitu hiki? Kinajua kunikata mimi?"

"Kinajua. Mzee, ile mbegu niliyokupa, ya punje kubwa, uliipanda?"

Othmar akakohoa. "Ilibunguliwa. Nilipoteremka Kihagara kununua dagaa, nikaokota nyingine njiani. Zilifanana, ila ndogo. Nikasema ni ukame, nikazipanda."

Hilda akanyoosha kidole. Mteremkoni, juu kidogo kutoka mti wa mpakani, upande unakotoka upepo, shamba la Othmar lilikuwa limejaa maganda makavu yanayometameta katika jua la jioni. Upepo ulipovuma, vumbi la dhahabu likanyanyuka na kuelea, taratibu, hadi pale shati lilipotundikwa.

"Ni ndugu, mzee," alisema. "Mmea mmoja, koo mbili. Ule wangu wataalamu waliuchagua mpaka ukapoteza mikuki. Huu bado unayo."

Othmar akalitazama shamba lake. Alikuwa amelima jeshi kwa jembe lake mwenyewe, akalipalilia.

"Na Bernadi?" aliuliza Kunigunda.

Othmar akaazima kioo cha Hilda, akachukua na lile bonge la ugali, akaenda kwa Bernadi.

Bernadi alikuwa anageuza kahawa kichanjani. "Kelele zako zimefika huku. Umekuja nikukune, au umekuja kunifukuza harusini?"

"Nimekosea. Upupu nimeupanda mwenyewe."

"Wewe? Mwenyewe?" Bernadi alicheka mpaka akashika mguu wa kichanja. "Na mbolea ukatia?"

"Nyamaza, tazama hapa."

Bernadi akatazama. Kicheko kikamkatika. "Mama yangu," alinong'ona. "Huyu aliyeunda hiki, alikaa wapi akakichonga?"

Walikaa bega kwa bega, wakipokezana kioo, mpaka mwanga ukawaishia.

"Jumamosi uje mapema," alisema Othmar.

"Nitakuja. Ila shati langu nitalivaa nikitoka nyumbani, silitundiki popote kwako."